Hamira ya Jirani

Rispa mwanangu,

Barua nzuri huanza kwa kuulizana hali, lakini wewe nakuona hapa kwa dirisha la jikoni, unaanua nguo zako kwenye kamba, na asubuhi tumeamkiana. Najua hujambo. Mimi ndiye sijui kama sijambo.

Ni saa nane mchana. Bwana ameenda kwenye shamba la kahawa, Memsahibu amelala, vyombo vimeoshwa, na mkate wa nyumba kubwa umefunikwa kando ya jiko, unaumuka. Nina nafasi mpaka saa ya chai. Mambo ya sweta, na ya maji ya kuchemsha, na ya mahali pa kuficha nauli, mama yako ameyasema tangu Jumapili na ataendelea kuyasema mpaka lori liondoke, nami sitamwingilia kazi yake. Nilipomwambia nataka kukuandikia, alinitazama akasema, "Mtoto yuko hapo nje, unamwandikia barua kama yuko Ulaya?" Nikamwambia kuna maneno ambayo mimi nikiyasema kwa mdomo yanageuka kelele. Akasema, "Andika basi. Lakini usimlize mtoto wa watu." Mtoto wa watu ni wewe. Nitajaribu.

Najua ombi ulilompa mama yako. Unataka kesho Baba Mdogo Jotham, ndugu yangu karani wa reli, ndiye akupokee Nakuru na kukupandisha garimoshi la kwenda chuoni, na mimi nibaki hapa Subukia na masufuria yangu. Nilikubali. Nilisema "sawa" haraka sana, kama mtu anayemeza dawa chungu, na mpaka sasa haijashuka.

Hukutoa sababu, wala mama yako hakuuliza. Lakini mimi sababu ninayo tangu mwaka juzi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilishuka Nakuru na lori la maziwa kuchukua unga wa ngano. Siku hizo askari walikuwa wakisimamisha kila gari na kudai pasi za kusafiria, tukafika mjini jua limeshapanda. Nikiwa nje ya duka la Mhindi, gunia begani, msichana mmoja akaniita kwa adabu kabisa. "Hujambo mzee? Wewe si ndiye mpishi wa akina Rispa?"

Alikuwa Damari, mwenzako wa bwenini, huyo huyo mtakayesafiri naye kesho. Nilimkumbuka kutoka siku ile niliyokuletea mkate shuleni, ukaupokea langoni mbio mbio na kuniambia nisikose lori. Nikamjibu, "Ndiye mimi." Na kweli ndiye mimi, sikusema uongo hapo. Akafurahi. "Mkate wako tuliula bweni zima, mzee! Hata mwalimu wa zamu alikuja kuomba kipande. Sasa ukifika, umsalimie babake Rispa, yule karani wa reli. Mwambie baba yangu anauliza ni lini watakunywa chai pamoja."

Rispa, lile gunia sikuliona zito mpaka hapo. Ningesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Badala yake nikasema, "Nitamwambia." Halafu, na hili ndilo linaloniudhi hadi leo, hakuna aliyenilazimisha, nikaongeza, "Hajambo sana, naye huwa anawasalimu."

Nilirudi na hasira. Usiku ule supu ilizidi chumvi, pudini ikabonyea katikati, na Memsahibu akauliza kama naumwa. Nilikuwa naumwa. Nilitaka nikuamshe nikuulize mbele ya mama yako tangu lini Jotham alikuzaa. Nikakukuta umelala na kitabu usoni, na nikiwa nimesimama pale nikaanza kujiuliza swali jingine. Huyu mtoto alijifunzia wapi kwamba jiko ni kitu cha kuficha? Jibu halikuwa mbali. Lilikuwa kwenye mlango wangu wa nyuma.

Unalikumbuka sanduku la majani ya chai? Ulikuwa hujafikia kimo cha meza. Ulikuwa unapanda juu yake, nakupa donge lako la kukanda, nawe unalipiga ngumi na kulikemea kama mama yako anavyokemea kuku. Likitoka mikononi mwako lilikuwa jeusi kuliko lilivyoingia. Tulilioka kwenye kopo la samli, tukalila sisi wenyewe, maana kwa rangi ile lisingefika meza ya mtu yeyote. Mimi nililila na siagi, na nilisema ni tamu, na lilikuwa tamu.

Halafu ukaingia shule, ukaanza kurudi na alama nzuri, na mimi kichwa kikavimba. Siku moja Memsahibu alikuwa na wageni kutoka Milimani. Nikawa napitisha chai na kutazama mikono inayopokea vikombe: laini, haina kovu la moto hata moja. Nikasema moyoni, binti yangu naye atakuwa ledi. Jioni ulipokuja kupanda sanduku lako nikakushusha. Nikakwambia, "Ledi hashiki unga. Ledi hushika kitabu. Toka." Ulidhani natania, ukapanda tena. Nikakubeba nje, nikafunga komeo. Ulisimama pale muda mrefu. Niliona kivuli cha miguu yako chini ya mlango, nami nikaendelea kukanda, nikijiona baba mwerevu kuliko wote katika bonde hili.

Ulijaribu mara nyingine nyingi, na kila mara nilikujibu vilevile. Wewe ni mwanafunzi mzuri, somo ukalishika. Kama jikoni si mahali pa ledi, basi hata baba wa jikoni si baba wa ledi. Jotham hakuniibia kitu. Alikaa tu kwenye kiti nilichokuwa nimekiacha wazi.

Hayo niliyaelewa usiku ule wa supu ya chumvi. Ukubwa wa kosa lenyewe sikuujua mpaka mwaka jana, wakati wa baridi, na aliyenionyesha ni yule mzee, babake Memsahibu.

Unamkumbuka, alikuwa akikupa peremende. Huko kwao alikuwa mwalimu. Mke wake alipofariki akaja kukaa na bintiye hapa, na mifupa yake haikupatana na baridi ya Julai. Kila asubuhi alikuwa anakuja jikoni na fimbo yake, anakaa juu ya debe la unga karibu na jiko, na wala huwezi kumwondoa. Mwanzoni nilimwona kero. Mtu amekaa juu ya unga wako, utapika vipi? Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja mwingine zaidi ya mifupa: alipenda kujua maneno yametoka wapi. Na kwa kuwa kule ndani hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, aliniambia mimi, kwa Kiswahili chake cha kupasua kuni.

"Zakayo, wewe iko jua hii neno, window?"

"Najua, mzee. Dirisha."

"Hapana! Hiyo iko jicho ya upepo."

Akanieleza kwamba zamani watu wa kaskazini walivuka bahari na mashua zao wakaja kuishi na Waingereza, na nyumba zao zilikuwa na tundu tu, upepo unachungulia humo. Neno wakaliacha. Siku nyingine alinigusa mkono nikikanda, akaniambia kwamba neno lao la msuli lilitoka kwa Warumi, na maana yake ni panya mdogo, kwa sababu ukikunja mkono kuna kitu kinakimbia chini ya ngozi. Nikatazama, na kweli alikuwemo. Nilipomwonyesha mama yako, alisema panya huyo alale upande wangu wa kitanda.

Nilifikiri ananichezea. Ujue mimi Kiingereza nilikiogopa tangu ujana. Niliamini kilizaliwa kimepigwa pasi, kila neno na kifungo chake, na mtu kama mimi akikigusa atakikunja. Kwa hiyo nilikuwa najibu "Yes" kwa kila jambo. Mwaka mmoja nilijibu "Yes" kwa swali nisilolielewa, kumbe nimekubali kufanya kazi Krismasi nzima, na mama yako hakunisemesha mpaka mwaka mpya. Miaka mingapi nimeipoteza kwa woga huo, sitaki hata kuhesabu. Kumbe hao wenyewe wanaishi na panya mkononi na jicho ukutani, na hawajui!

Basi siku hiyo nilikuwa nimezama kwenye unga mpaka viwikoni. Memsahibu akapita uani na glavu zake za bustani. Mzee akamwonyesha kwa fimbo. "Zakayo, hii neno lady. Zamani sana, iko mama nakanda mkate."

Nikaacha kukanda. "Mzee, samahani. Hiyo si kweli."

Akajikokota mpaka chumbani kwake, akaleta kitabu kinene kama tofali, akakiweka palepale mezani, kikachafuka unga, hakujali. Akanisomea polepole. Katika nyumba za mababu zao palikuwa na mtu wa kulinda mkate, na jina lake likasagika midomoni mwa watu vizazi na vizazi mpaka likabaki lord. Palikuwa na mwanamke wa kukanda mkate, na jina lake likasagika hivyohivyo likabaki lady. Na watumishi wa nyumba waliitwa wala mkate. Jina hilo la tatu, alisema, lilikufa zamani.

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Mzee, hapa anayekanda ni mimi. Anayefunga kabati la mkate ni mimi. Wanaokula wako kule ndani."

Halafu akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, tukashikana mabega, mikono yangu ikamwachia unga kwenye koti. Memsahibu akaja mbio kuuliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia.

Mimi ndiye niliyeacha kucheka kwanza. Macho yangu yalikuwa yamefika kwenye komeo la mlango wa nyuma. Nilikuwa nimemfukuza mwanangu kutoka kwenye unga ili akawe mkanda mkate. Nililia, Rispa. Mzee akasema jiko linatoa moshi sana leo. Lilikuwa halitoi moshi wowote, na sisi sote tulijua. Jioni ile nililing'oa komeo kwa bisibisi. Lakini wewe ulikuwa umeshazoea kupita mbali na mlango ule, na mimi sikukwambia. Nilingoja ujaribu mwenyewe. Hilo nalo ni kosa, kungoja.

Sasa nisikilize habari ya hamira, halafu nitakuacha.

Wewe unaiona chupa ile juu ya rafu, kizibo kimefungwa kwa kamba ili kisiruke, na ndani maji ya viazi na sukari yanachemka yenyewe. Chupa hiyo nilipewa na mpishi mmoja wa Solai. Yeye alipewa na Mluo aliyekuwa akiwapikia wenye kiwanda cha kupasua mbao kule Elburgon, na huyo Mluo alipewa na Mgoa, mtu wa Goa kule India, aliyekuwa akipika kwenye reli. Mgoa alipewa na nani, Mungu ndiye anajua. Hamira ya mpishi ikifa, iwe kwa baridi au kwa kusahauliwa, anakwenda na chupa tupu kwa mpishi wa jirani. Hakuna anayenyimwa, hata kama jana mligombana. Na ukipewa husemi asante. Wapishi wanaamini ukishukuru itakufa njiani. Unakwenda zako, unaoka, na siku nyingine unamletea kipande aonje. Aliyekupa hajapungukiwa na kitu, kwa sababu ya kwake inaendelea kuchemka rafuni.

Nilimweleza mzee haya, na alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi kwa panya wake. Akasema Kiingereza chote kimeishi hivyo. Sukari wamemiminiwa na Waarabu, na kahawa pia, kama sisi. Nguo za kaki za askari na pajama za Bwana zimetoka India, jina na kitambaa. Nikamuuliza na sisi je? Akagonga meza. "Hii, meza, Wareno." Akaonyesha kwa fimbo upande wa shule. "Shule, hiyo iko ya Mjerumani," akasema kwa uchungu kidogo, maana alipigana nao. Kila mmoja amekwenda kwa jirani na chupa yake tupu. Hakuna mwenye hamira aliyeianzisha peke yake.

Nakwambia haya kwa sababu unakwenda kusomea ualimu, na watakupa Kiingereza ukafundishe. Mimi sina la kukufundisha kuhusu ualimu. Lakini katika darasa lako atakuwepo mtoto mmoja anayejibu "Yes" kwa kila kitu. Utamtambua. Huyo ni mimi. Umwambie habari ya panya mdogo, umkunjie mkono wake aone.

Mzee alifariki mvua za Novemba zilipokwisha, na wiki ya mwisho aliniambia neno moja ambalo nimeliweka akiba. Companion. Alisema kwa Warumi ni yule mnayekula naye mkate, hivyo tu, hakuna zaidi. Si lazima awe wa damu yako, wala wa cheo chako. Alisema mimi na yeye tulikuwa hivyo. Sijui kama kule ndani walijua.

Kwa neno hilo, Damari ni wangu tayari. Ameshaula mkate wangu. Bweni zima limeula. Wewe ndiye uliyewagawia, wala hukutupa hata kipande, na nikikumbuka hilo siwezi kukukasirikia kwa muda mrefu. Mtu anayemwonea aibu baba yake kabisa angeutupa mkate ule kwenye ua wa miiba kabla haujaonekana. Wewe uliubeba mpaka ndani.

Basi kesho. Lori litasimama barabarani kabla jua halijachomoza, na Jotham atakuwa stesheni, nimeshamwandikia, na atakusindikiza vizuri, ni mtu mwema na kofia yake inapendeza. "Sawa" yangu siiondoi. Lakini nikwambie na jambo ambalo siliwezi tena, ili tusije tukaumizana kwa kutojua. Siwezi kusimama Nakuru mbele ya rafiki yako nikaitikia kama mpishi wa akina Rispa. Nilifanya mara moja, na mwili wangu ulikataa. Nikija, nitakuja nikiwa baba yako, na Damari nitamsalimu kwa jina hilo, na nitamwambia lini nitakunywa chai na babake. Kama hilo ni zito kwako kesho, nitabaki, na upendo wangu kwako hautapungua. Umri wako na mimi nilikuwa nao, nilimficha mama yangu kwa sababu alikuwa haongei Kiswahili.

Alfajiri nitakuwa jikoni nikikanda mkate wako wa safari. Nimepanga uive wakati wewe unafunga sanduku, na dakika za mwisho nitampa dereva akuletee ukiwa moto ndani ya kitambaa. Ukipita moja kwa moja kwenda barabarani, utakukuta huko, na usiwe na hatia moyoni, ule na wenzako. Hakuna msamaha wa kuombana. Na kwa mkate, unajua wapishi, usiseme asante.

Lakini ukitaka tushuke Nakuru pamoja, si lazima uniambie kitu. Pitia mlango wa nyuma. Koti langu litakuwa limetundikwa tayari. Sanduku la majani ya chai nimelitafuta, liko pale pale chini ya meza, ingawa sasa hulihitaji. Unga nitaugawa madonge mawili, langu na lako. Nitaweka maji ya kunawa mikono hapo karibu na mlango, yakiwa moto.

Ni mimi baba yako,
Zakayo, mpishi.